Sisimizi Huyu Jina Lake Nani?

 

Wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha tatu, mkaazi wa Voi, aliniletea picha tatu kwa simu. Ujumbe wake ulikuwa huu: "Shikamoo mwalimu. Hawa ninawafuga kwenye neli ya kioo. Mjomba anasema ni siafu. Mama anasema ni sungusungu. Jirani anasema ni sisimizi tu, nikawamwage. Naomba uniambie ni nani hasa."

Marahaba, mwanangu. Nimekaa na picha zako jioni tatu mfululizo, na leo nakujibu hapa hewani, kwa sababu wapo wengi wanaouliza swali kama lako na wengi wanajibiwa ovyo.

Kwanza nieleze alivyowapata. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua ya masika imenyesha mchana kutwa. Usiku taa ya baraza ikajaa wadudu wenye mabawa. Asubuhi, wenzake wamekwisha kuliwa na mijusi na kuku, binti akamwona mmoja mkubwa ukutani. Mabawa hana tena, ameyang'oa mwenyewe, anahangaika kutafuta ufa wa kujificha. Huyo ni malkia aliyekwisha kupandwa. Binti akamtia katika neli yenye maji kidogo chini, maji yakazuiwa kwa pamba, mdomo nao ukazibwa kwa pamba, akaiweka kabatini gizani. Ndivyo wafugaji wa sisimizi wanavyofanya duniani kote. Malkia wa namna hii hana haja ya kulishwa siku hizo za mwanzo. Misuli aliyorukia haina kazi tena, mwili wake unaiyeyusha, na ndiyo inayomlisha yeye na watoto wake wa kwanza. Binti akasubiri. Sasa anao wafanyakazi thelathini hivi, na anataka jina.

Tuanze na mjomba, maana kauli yake ndiyo rahisi kuipima. Siafu mfanyakazi hana macho. Si kwamba anayo madogo. Hana kabisa, anatembea kwa harufu na kwa kugusana. Katika picha ya pili ya binti, jicho linaonekana wazi, doa jeusi ubavuni mwa kichwa. Tena malkia wa siafu haoti mabawa maishani mwake, wala haanzi maisha peke yake ukutani. Kundi la siafu huongezeka kwa kugawanyika, malkia akaondoka na jeshi lake. Mwenye mabawa kwa siafu ni dume. Huyo dume huja kwenye taa, mnene, mrefu, wa rangi ya kahawia, na watu wengi humdhania nyigu wa ajabu. Nimekutana na wazee walioumwa na siafu miaka sabini na hawajajua kwamba lile dudu la kwenye taa ni baba wa siafu hao. Kwa hiyo mjomba, samahani, siafu hapana.

Mama naye? Sungusungu ni jina zito. Katika miaka ya 1980 walinzi wa vijiji vya Usukuma na Unyamwezi walijulikana kwa jina hilo, na kila mtu akaelewa maana yake bila kufafanuliwa: weusi, wengi, hawarudi nyuma. Lakini ukienda kijiji hiki sungusungu ni huyu, ukivuka mto sungusungu ni yule. Ndivyo yalivyo majina yetu mengi ya wadudu hawa. Maji moto wa kwenye miembe na mikarafuu, yule anayeshona majani kwa nyuzi za watoto wake, ameitwa hivyo na ngozi iliyoungua. Jina linatoka kwa aliyeumwa. Nami nayapenda majina haya, yana akili ndani yake, ila hayakuwekwa kwa ajili ya kutenganisha ndugu na ndugu. Wataalamu wamekwisha kuzipa majina zaidi ya spishi 14,000 za sisimizi duniani. Katika msitu wa Kakamega peke yake zimehesabiwa zaidi ya 200. Maneno yetu matano au sita yatawatosha wapi?

Basi tuzitazame picha.

Picha ya kwanza imepigwa kutoka juu, kupitia kioo chenye ukungu, mwanga wa simu umepiga kioo ukarudi. Naona weupe katikati na vitone vyeusi pembeni. Hii haitusaidii kitu, na ninaisema kwanza kwa sababu ndiyo picha ninayoletewa mara nyingi kuliko zote. Mtu hupiga kundi zima, kwa fahari ya kundi lake, kisha anauliza jina. Jina la sisimizi haliko kwenye kundi. Liko kwenye mwili wa sisimizi mmoja, na mahali penyewe ni padogo kuliko punje ya mchele.

Huko San Francisco, Marekani, katika taasisi ya California Academy of Sciences, kuna hazina ya picha inayoitwa AntWeb. Ilianzishwa mwaka 2002 na mtaalamu wa sisimizi, Brian Fisher. Humo kila sisimizi amepigwa picha kwa utaratibu uleule: uso kwa mbele, mwili mzima kwa ubavu, mwili mzima kwa juu. Na kando ya hizo kuna picha ya nne, ya kijikaratasi kinachoeleza alikamatwa wapi, lini na na nani. Picha ya karatasi imepewa heshima sawa na picha ya mdudu. Nitarudi kwenye karatasi hiyo.

Picha ya pili ya binti, Mungu ambariki, ni ya ubavuni. Mfanyakazi mmoja amesimama juu ya ukingo wa rula. Hapa ndipo nilipotumia jioni nzima.

Kitu cha kwanza kutazama ni kiuno. Sisimizi ana kichwa, kifua na tumbo, na kati ya kifua na tumbo kuna kiuno chembamba chenye kifundo. Hesabu: ni kifundo kimoja au viwili? Swali hili moja linawagawa sisimizi wote utakaowaona nyumbani kwako mafungu mawili makubwa. Wale wadogo sana wanaojaa kwenye bakuli la sukari, wavunaji wa mbegu, wenye vichwa vikubwa, wote hao wana vifundo viwili. Wa binti ana kimoja, kimesimama wima kama kigae.

Kisha nikashuka mpaka ncha ya tumbo. Wapo sisimizi wenye kifundo kimoja na mwiba nyuma, na wale ukiwashika utajua. Huyu hana mwiba. Ana tundu dogo la duara lililozungukwa na malaika, yaani vinywele vidogo, na kupitia tundu hilo ndipo hupuliza tindikali akichokozwa. Kwenye picha ya simu tundu lenyewe halionekani vizuri, ila unaona ncha imechongoka bila kuchomoza kitu.

Halafu mgongo. Kwa sisimizi wengi ukitazama ubavuni, mgongo wa kifua una mbonyeo katikati, kama tandiko. Huyu mgongo wake umepinda mara moja, upinde mmoja laini toka shingoni hadi kiunoni. Nikaenda picha ya tatu, ya uso. Imetikisika kidogo, lakini mashina ya vipapasio yanaonekana: hayakuota ukingoni mwa mdomo wa juu, yameota nyuma yake, pamebaki nafasi. Kiuno chenye kifundo kimoja, nyuma hakuna mwiba, mgongo wa upinde, vipapasio vilivyoota mbali na mdomo. Ukiyakuta hayo yote kwa sisimizi mmoja hapa kwetu, uko kwenye jenasi iitwayo Camponotus. Hapo naapa.

Camponotus ni ukoo mkubwa mno, una spishi zaidi ya 1,000 duniani. Wengi wao ni watembezi wa usiku. Ukiamka saa nane za usiku kunywa maji ukamkuta sisimizi mrefu, miguu mirefu, anakimbia peke yake kwenye meza kama aliyesahau kitu, mara nyingi ni huyu.

Sasa binti ataniuliza: yupi kati ya hao elfu?

Rangi inanivuta. Wafanyakazi wake wana miguu ya manjano, kifua cha kahawia, na tumbo lenye madoa mepesi mawili mawili pembeni. Ukifungua kitabu chochote cha sisimizi wa Afrika utaona picha inayofanana na hii, na chini yake pameandikwa Camponotus maculatus, yaani mwenye madoa. Jina hilo alilitoa Fabricius mwaka 1782. Ni jina la zamani, zuri, na watu wamelitumia kama kapu. Kwa zaidi ya karne moja kila sisimizi wa jenasi hiyo mwenye madoa na miguu mirefu, atoke Senegali atoke Zanzibari, alitupwa ndani ya kapu hilo. Wataalamu wa leo wanalipekua kapu hilo, wakitoa kitu kimoja kimoja, na kazi haijaisha. Humo mna spishi ambazo hazitofautiani kwa madoa hata kidogo. Zinatofautiana kwa umbo la kichwa cha wafanyakazi wakubwa, na kwa malaika: yako wapi, yamesimama au yamelala, yako chini ya kichwa au hayako.

Na kuna jambo lingine. Hao thelathini wa binti ni wazaliwa wa kwanza. Malkia amewalea kwa akiba ya mwili wake tu, hivyo wametoka wadogo na dhaifu, hawajafikia umbo la ndugu zao watakaokuja. Kundi likikomaa, ndani ya familia moja utakuta mfanyakazi wa milimita sita na mwingine wa milimita kumi na zaidi, kichwa kama nyundo. Mtu akipiga picha hao wawili na kuzileta siku tofauti, anaweza kupewa majina mawili kwa watoto wa mama mmoja.

Kwa hiyo hukumu yangu, mwanangu, ni hii: una Camponotus wa kundi la maculatus. Naishia hapo. Najua ulitaka jina kamili uliandike kwenye neli kwa kalamu. Ningeweza kukupa, na wewe usingejua, na jirani asingejua. Lakini ungelipeleka kwa mwenzako, naye angelipeleka kwa mwingine pamoja na picha, na mwaka kesho mtu wa tatu angetafuta sisimizi wake, aione picha yako, aseme: "Ndiye huyu." Ndivyo makosa yanavyoota mizizi. Kusema "picha hii imenifikisha kwenye jenasi, haikunifikisha kwenye spishi" ni jibu kamili, na ni jibu la mtu anayejua anachokitazama.

Nitakueleza nilichojaribu pia. Ziko programu za simu zinazotumia akili mnemba: unaipa picha, inakupa jina papo hapo. Nikaipa moja picha yako ya kwanza, ile ya ukungu. Ikanijibu bila kusita: Lasius niger. Huyo ni sisimizi mweusi wa bustani za Ulaya, ndiye anayefugwa kuliko wote kule, mdudu wa kuheshimiwa kwa kweli. Malkia wake mmoja aliwahi kufugwa akaishi zaidi ya miaka 28. Ila Voi haishi. Programu ilijifunza kwa picha nyingi za kwao na chache za kwetu, na mashine isipopata wa kwetu humpa wa kwao. Nilipoipa picha ya pili, ya ubavuni, nikaiandikia Voi, Kenya, mwezi wa nne, ikarudi na Camponotus. Mashine ni ileile, mdudu ni yuleyule. Kilichobadilika ni ubavu na anwani.

Ndiyo maana nilisema nitarudi kwenye kijikaratasi. Mahali na tarehe ni nusu ya jina. Ukiniambia "Voi, baraza la nyumba, taa ya usiku, siku ya pili baada ya mvua kubwa", umekwisha kunifutia maelfu ya spishi kabla sijafungua picha. Wengi huniletea picha nzuri ajabu, kila unywele unahesabika, nikiuliza alitoka wapi naambiwa alinunuliwa mtandaoni. Hapo huwa naingiwa na baridi.

Na sasa niseme kwa nini. Mwezi wa nne mwaka 2025, katika kaunti ya Nakuru, vijana wawili raia wa Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni wakiwa na sisimizi wapatao 5,000 ndani ya neli zaidi ya 2,000. Neli zilikuwa kama ya kwako, binti, na ndani mlikuwa na pamba kama yako. Shirika la wanyamapori, KWS, lilieleza kwamba neli hizo ziliandaliwa ili sisimizi waweze kuishi hadi miezi miwili. Watu wengine wawili, mmoja wa Vietnam na mmoja Mkenya, walishtakiwa katika kesi nyingine ya namna hiyo. Tarehe 7 Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi kumi na miwili. Sisimizi waliotafutwa zaidi walikuwa malkia wa Messor cephalotes, mvunaji mkubwa mwekundu, anayekusanya mbegu za nyasi, kuzihifadhi ardhini na kuzitawanya. Huko ughaibuni miongoni mwa vinavyopandisha bei ya sisimizi kama huyo ni jina lake. Malkia mmoja akitolewa ardhini ni kundi zima lisilozaliwa, na mbuga imepoteza mkulima wake.

Upande wa pili ni mgeni anayeingia. Laikipia kuna migunga yenye vinundu vinavyopiga mluzi upepo ukivuma. Ndani ya vinundu huishi sisimizi wa jenasi ya Crematogaster, ambao utawajua kwa tumbo lenye umbo la moyo, wakitishwa hulipindua juu ya mgongo. Hao huulinda mti. Ndovu akiweka mkonga, wanamwingia puani naye anaacha. Takriban miongo miwili iliyopita akaingia mgeni, Pheidole megacephala, mdogo, askari wake kichwa kikubwa kuliko kiasi. Akawaua walinzi. Ndovu wakaivunja migunga mara tano hadi saba zaidi ya ilivyokuwa pasipo na mgeni huyo. Vichaka vikapungua, simba wakakosa pa kuotea punda milia. Utafiti ulioongozwa na Mkenya, Douglas Kamaru, uliotoka katika jarida la Science mwaka 2024, ulionyesha kwamba mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba pale, na kufika 2020 wameshuka hadi 42. Simba wamegeukia nyati. Yote yameanza na sisimizi anayeweza kusafiri ndani ya chungu cha maua.

Binti, wewe si mhalifu wala mharibifu. Ulimwokota malkia wa barazani kwenu. Lakini unaona kwa nini jirani amekosea kukuambia ni sisimizi tu, ukawamwage. Usimmwage popote, usimpe rafiki wa Mombasa, usimtume kwa posta, usimuuze. Ukichoka kumtunza, mrudishe hapohapo ulipomtoa. Na ukitaka kuendelea naye, waulize KWS kuhusu kibali. Swali halina adhabu.

Kuhusu picha, sikiliza na wewe uliye nyumbani mwenye kundi lako kabatini. Usiwasumbue walio hai. Sisimizi wana jalala, pembe moja wanakotupa taka na maiti zao. Chukua maiti mmoja kwa ncha ya kijiti kilicholowa, umlaze kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha asubuhi, jua lisimpige moja kwa moja, flashi uizime. Shika kioo cha kukuzia mbele ya kamera ya simu, usogeze mpaka uone malaika. Piga ubavu, piga uso, piga juu, na rula iwe pembeni. Kisha usimtupe: mtie kwenye kichupa chenye spiriti, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa maana wino huyeyuka. Siku mtaalamu wa Makumbusho ya Taifa pale Nairobi akitaka kujua zaidi ya picha, mwili upo.

Nawe binti wa Voi, nina ombi moja. Subiri mpaka kundi lako litoe wafanyakazi wakubwa, wale wa kichwa kama nyundo. Wa kwanza atakayekufa, mlaze chali, umpige picha chini ya kichwa, mahali ambapo mtu angekuwa na kidevu. Nataka kuona kama pana malaika yaliyosimama. Andika tarehe, andika Voi, uniletee.